Kompyuta ya steshenari imekuwa nzito: niguse mipangilio ipi?

Swali: Mtaalamu, nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na chuo. Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia wanafunzi fomu za mikopo na za ajira mtandaoni. Natumia Dell Latitude E6430 niliyoinunua ikiwa imeshatumika: Core i5, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Nikiiwasha asubuhi nafagia duka, napanga karatasi, na bado haijatulia. Nilifuata video moja: nikazima madoido ya skrini, nikafuta mafaili ya Prefetch, nikaondoa virtual memory, nikaingia msconfig kuilazimisha itumie prosesa zote. Siku mbili za mwanzo niliona nafuu. Sasa Chrome inafunga kurasa ghafla mteja akiwa katikati ya fomu. Fundi anasema ninunue nyingine. Nimekutumia picha za Task Manager. Nibadili nini?

Jibu: Dada yangu, pole, ila usinunue nyingine kwanza. Picha zako zimenieleza mengi kuliko maneno, na wasomaji wengine wenye tatizo kama hili wangefanya vyema kuanza hapo hapo: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha uangalie namba zilizo juu ya safu kabla hujagusa mpangilio wowote.

Zako zinasema hivi: CPU 23%, Memory 89%, Disk 100%. Maana yake prosesa yako imekaa inasubiri. Anayelemewa ni diski, na RAM (ndiyo hiyo Memory, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) inafuata nyuma yake. Mipangilio haiongezi nguvu hata chembe. Kazi yake ni kupunguza mzigo, na ukiupunguza mahali pasipolemewa umejisumbua bure. Ndiyo maana zile orodha za "mambo 20 ya kuharakisha kompyuta" humfaa mmoja zikamharibia mwingine. Ile video ilikuelekeza kwenye prosesa, wakati prosesa haikuwa na shida.

Tazama picha yako ya pili, ile ya Performance upande wa Disk 0. Mstari umegota juu, 100%, lakini kasi ya kusoma ni MB 1.9 tu kwa sekunde, na pale palipoandikwa Average response time pana milisekunde 640. Diski hiyo hiyo ikinakili faili moja kubwa la video hufikisha MB 80 au 100 kwa sekunde bila taabu. Sasa kwa nini MB 1.9 ziipige chini? Kwa sababu asubuhi haisomi faili moja kubwa. Inaitwa na wengi kwa mpigo, kila mmoja akitaka vijifaili vyake vidogo vilivyotawanyika huku na huku. Diski ya sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde, na kila kijifaili kinapotakiwa, kichwa cha kusomea lazima kihame, kisha kisubiri sahani ifike mahali pake. Ukijumlisha kuhama na kusubiri, haifikishi maombi mia ya namna hiyo kwa sekunde moja. Windows inataka yake, kinga ya virusi inataka yake, Chrome yake, OneDrive yake, programu ya printa yake. Foleni ndiyo hiyo unayoiona ikifikia milisekunde 640, wakati diski nzima ikifanya kazi kwa utulivu hujibu ndani ya milisekunde 10 mpaka 20.

Tuanze kwa kurudisha ulivyovuruga, maana kimojawapo ndicho kinachofunga kurasa za wateja wako.

Kwenye picha ya Memory pana neno Committed, na chini yake 3.6/3.9 GB. Namba ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeshaahidiwa, ya pili ni kikomo. Kikomo hicho hutokana na RAM ukijumlisha faili la akiba lililo kwenye diski, ile virtual memory uliyoiondoa. Ulipoiondoa, kikomo kilishuka mpaka kwenye RAM peke yake. Chrome ikiomba nafasi zaidi inaambiwa hakuna, na inachofanya ni kuuangusha ukurasa. Bahati mbaya ukurasa huo ndio wenye fomu ya mtu.

Aliyetengeneza video hudhani kwamba akiliondoa faili hilo diski itapumzika. Haipumziki sana. RAM ikibana, Windows huanza kutupa vipande vya programu zenyewe, kwa kuwa inajua vipo kwenye diski na vinaweza kusomwa upya. Basi unarudi Word baada ya kuwa Chrome, na diski inaanza tena kuisoma Word. Umepata hasara ya kurasa kufungwa, na diski bado iko 100%.

Kuirudisha: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Nenda Advanced, bonyeza Settings ya juu kabisa, ile ya Performance. Dirisha jipya likifunguka nenda tena Advanced, kisha Change. Weka tiki kwenye Automatically manage paging file size for all drives, OK, halafu uwashe upya mashine. Usiandike namba zako mwenyewe hapo, hata kama kuna mtu anakupa hesabu ya RAM mara moja na nusu. Windows 10 inajipangia vizuri.

Ukiwa bado kwenye dirisha hilo la Performance, rudi kwenye Visual Effects. Kuzima madoido hakudhuru, hata kama faida yake ni ndogo, lakini video hizi huzima kila kitu mpaka herufi zinakuwa na meno. Wewe unashinda ukisoma maandishi, usijiumize macho. Rudisha tiki mbili: Smooth edges of screen fonts, na Show thumbnails instead of icons ili uweze kutambua picha za vyeti vya wateja bila kufungua moja moja.

Msconfig nayo irudishe. Ingia Boot, kisha Advanced options, uondoe tiki kwenye Number of processors na Maximum memory. Windows hutumia prosesa zote bila kulazimishwa. Sehemu hiyo imewekwa kwa ajili ya wanaotengeneza programu, wanapotaka kujaribu jinsi zitakavyokwenda kwenye mashine dhaifu, kwa hiyo kazi yake ni kupunguza. Ukikosea namba ya Maximum memory, unaificha RAM yako mwenyewe.

Prefetch iache, itajijenga upya. Ni kumbukumbu za Windows za mafaili gani hutakiwa programu fulani inapofunguliwa. Kuifuta kunaifanya mashine iwe nzito kidogo zaidi mpaka ijifunze tena. Ile nafuu ya siku mbili haikutoka hapo. Pengine ilitoka kwenye kule kuwasha upya mara kadhaa.

Hili la kuwasha upya lina jambo ndani yake. Windows 10 ukiizima kwa Shut down, kwa kawaida haizimi yote. Kiini chake hukihifadhi kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo uchafu uliojikusanya unaweza kuendelea siku hadi siku ingawa kila jioni unaona skrini imekuwa nyeusi. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Fanya Restart walau mara moja kwa wiki, kisha uizime.

Sasa mizigo yenyewe. Kubwa kuliko yote kwako ni programu zinazojiwasha. Kwenye Task Manager ingia kichupo cha Startup, upange kwa Startup impact. Nimeona kwenye picha yako: OneDrive, Skype, Teams, Spotify, kisasishi cha Adobe, na programu mbili za printa, moja ya printa ambayo huna tena. Bofya kila moja kwa kitufe cha kulia, Disable. Hutaifuta programu, unaikataza tu kujiwasha, na siku ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Printa itaendelea kuchapa, kwa sababu inayochapa ni draiva (programu inayoiunganisha Windows na printa), na kile kidirisha kinachokuonyesha wino ni pambo. Usizime kinga ya virusi, sauti, wala pedi ya kugusa.

Chrome ina ujanja wake. Ukiifunga kwa alama ya X inaweza kuendelea kukaa nyuma ya pazia. Ingia mipangilio yake, sehemu ya System, uzime Continue running background apps when Google Chrome is closed. Kisha sehemu ya Performance uwashe Memory Saver, ambayo hulaza vichupo usivyovitazama. Ila ongeza tovuti za fomu kwenye orodha ya zile zisizolazwa, kwa sababu kichupo kilicholazwa hupakiwa upya ukirudi, na fomu iliyojazwa nusu inaweza kupotea. Kama hutumii Edge, ingia nako, System and performance, uzime Startup boost. La sivyo inajiwasha asubuhi hata kama hujawahi kuigusa. Halafu tazama viongezi vya Chrome. Kwenye mashine za steshenari hukuti kiongezi kimoja tu. Utakuta vya kubadili PDF, vya kupakua video, vya kuponi za maduka ya Marekani. Ondoa vyote usivyovijua.

Baada ya hapo nenda Settings, Privacy, Background apps, uzime zote. Za Microsoft Store peke yake ndizo zinazohusika hapo, lakini nazo zina kelele.

Masasisho ni jambo ambalo watu hulikosea kwa namna ya pekee. Mwenye mashine nzito huona Windows Modules Installer Worker au Antimalware Service Executable iko juu kwenye orodha, anaizima kwa hasira, kesho inaanza upya palepale. Kazi isiyomalizika hurudi. Jioni moja iache mashine ikiwa kwenye umeme na mtandao, usiizime, imalize masasisho na ukaguzi wake wote. Kisha weka Active hours zilingane na saa zako za duka. Kwa kuwa unatumia bando, ingia mpangilio wa Wi-Fi unayotumia uwashe Set as metered connection, na kwenye Delivery Optimization uzime kuruhusu kompyuta nyingine kupakua kutoka kwako. Hii ya pili haihusu sana uzito wa mashine. Inahusu bando lako.

Kuna huduma mbili ambazo kwa hali yako ningezijaribu. Andika services.msc kwenye lile dirisha la Windows na R, utafute SysMain. Kazi yake ni kutabiri utakachofungua na kukiweka RAM mapema. Penye RAM ya kutosha inasaidia. Penye GB 4 na diski ya sahani, mara nyingi inaongeza foleni. Isimamishe, Startup type uiweke Disabled, utazame siku chache. Ukiona tofauti haipo, irudishe. Windows Search nayo unaweza kuisimamisha kama hutafuti mafaili kwa jina; kama unatafuta, iache. Zaidi ya hizo mbili usiguse huduma nyingine. Nimeshaletewa mashine ambazo mtu alizima huduma kwa kufuata orodha, zikapoteza Wi-Fi na printa, na kasi haikuongezeka.

Diski C acha walau sehemu moja ya sita ikiwa tupu. Endesha cleanmgr, lakini soma kila mstari kabla ya kuweka tiki: kwenye matoleo kadhaa ya Windows 10 folda ya Downloads imo kwenye orodha hiyo, na kwa biashara yako Downloads ndiko ziliko fomu za watu.

Kuna vitu sitaki kuviona kabisa kwenye mashine ya kazi: visafisha rejista, programu za "kuongeza RAM", kinga mbili za virusi kwa pamoja, na vifaa vya kuamshia Windows au Office ya wizi. Hivyo vya mwisho hukutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwanza, na ukishaizima unaweza kuwa umemkaribisha mtu anayetumia prosesa yako kuchimba sarafu za mtandaoni. Steshenari inapokea fleshi za watu mia kidogo, kila moja na virusi vyake. Defender ina uzito, ndiyo, lakini kwako wewe hilo ni deni la lazima.

Kwa wasomaji ambao CPU ndiyo inayosoma 100% wakati diski imetulia, tazameni Speed kwenye Performance. Dell nyingi za umri huu zina pini nyembamba katikati ya plagi ya chaja, na kwa pini hiyo kompyuta huuliza chaja ni ya wati ngapi. Chaja ya bandia isipojibu, au pini ikiwa imepinda, mashine huonyesha ujumbe inapowaka kwamba aina ya chaja haitambuliki, kisha inapunguza kasi ya prosesa makusudi. Core i5-3320M iliyopaswa kufika GHz 3.3 inaganda kwenye 1.2 au chini yake, na hapo hakuna mpangilio wa Windows utakaoitoa. Badili chaja. Kama chaja ni nzuri, mshuku feni iliyojaa vumbi.

Nirudi kwako, dada, kwenye ile 640. Inanitia wasiwasi. Foleni yaweza kuifikisha hapo, lakini diski inayokufa pia inaweza, maana ikikutana na sehemu mbovu hurudia kusoma mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Pakua CrystalDiskInfo, uifungue. Ikiandika Good, endelea na haya niliyokueleza. Ikiandika Caution, na hasa kama mstari wa Current Pending Sector Count una namba isiyo sifuri, acha mipangilio yote na unakili kazi za wateja leo hii kwenye diski ya nje. Katika hali hiyo usifanye defrag (kupanga upya vipande vya mafaili), usifanye chkdsk (ukaguzi wa diski), usifanye lolote la kuisumbua kabla hujanakili.

Hata ikisema Good, nitakuambia wazi: mipangilio yote hii itakupunguzia kusubiri na itazuia kurasa kufungwa, lakini haitaigeuza diski ya sahani kuwa kitu kingine. Dawa ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 inatosha kwa kazi zako. Haina sahani wala kichwa cha kuhama, na yale maombi madogo ambayo diski yako haifikishi mia kwa sekunde, SSD ya kawaida huyamaliza kwa maelfu. Kwenye E6430 kuibadili si kazi ya kutisha: ni skrubu chache, diski inachomolewa ikiwa kwenye kitako chake. Mwambie fundi aweke Windows upya kwenye SSD badala ya kuhamisha ile ya zamani na takataka zake, na diski ya zamani uitunze kando mpaka uhakikishe hakuna faili lililosahaulika. Ukishaihama, rudisha SysMain, na defrag uiachie Windows yenyewe. Inaijua SSD na inaitendea tofauti.

RAM inafuata. Kwenye picha yako ya Memory pameandikwa Slots used: 1 of 2, yaani kuna nafasi tupu inayokusubiri. Nunua DDR3 ya kompyuta mpakato, GB 4, si DDR4 wala ya kompyuta ya mezani, hazitaingia. Ukifika GB 8 basi. Mashine inapokea hadi 16, lakini kwa Word, Chrome na printa pesa hiyo itumie kwenye wino. Kabla ya kununua, ingia Settings, System, About, uhakikishe pameandikwa 64-bit operating system. Mafundi wengine huweka ya 32-bit, na hiyo haitaiona RAM uliyoongeza. Kama fundi anaweka Windows upya, mwambie 64-bit tangu mwanzo. Ukiwa na pesa ya kimoja tu kati ya SSD na RAM, chukua SSD.

Limebaki suala la Windows 10 yenyewe, ambalo nadhani fundi wako alikuwa nalo akilini aliposema ununue nyingine. Msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 13, 2026. Kujiunga ni kwenye ukurasa wa Windows Update, ukiwa na akaunti ya Microsoft. Windows 11 kirasmi haitaikubali mashine yako: inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na yako ni ya kizazi cha tatu. Njia za kuilazimisha zipo, ila mashine inayojaza namba za NIDA na za benki za wateja nisingeijaribia hayo. Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa mahali pa Windows, ingekimbia vizuri sana juu yake, na ningemshauri mwanafunzi aichukue kesho. Wewe unapokea mafaili ya Word ya watu yenye majedwali na kurasa zilizopangwa, na LibreOffice, inayotumika huko badala ya Word, ikisogeza jedwali la barua ya mtu, mteja atakulaumu wewe. Kwa hiyo SSD na RAM sasa, jiunge na mpango wa nyongeza, na uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane. SSD hiyo ya inchi 2.5 usiiache nyuma: mashine nyingi za wakati huo hutumia SSD za umbo jingine, lakini ukiitia kwenye kasha la USB itakuwa diski yako ya kunakilia kazi za wateja.